Pikapu Kuukuu ya Ziwa: Je, La Kuvunda Halina Ubani?

Wahenga walinena kwamba la kuvunda halina ubani. Methali hiyo hutolewa aghalabu na mtu aliyekwisha kata tamaa na anayetafuta wa kumuunga mkono. Mwezi Januari mwaka 2022, katika boma moja la Ziwa, kaskazini mwa mji wa Eldoret, ilitolewa na kifungua mimba wa boma hilo akiwa ameielekezea kidole pikapu iliyoegeshwa nyuma ya ghala la mahindi kwa karibu miaka ishirini. Ilikuwa Peugeot 404 ya marehemu baba yake. Magurudumu yalikuwa yamezama ardhini, panya walikuwa wametafuna nyaya zote, na kuku walikuwa wamelifanya sanduku lake la nyuma kuwa mahali pa kuatamia.

“Ndugu yangu,” alimwambia kitinda mimba, “la kuvunda halina ubani. Kilichopo hapa si gari, ni kilo za chuma.”

Alikuwa amekwisha patana na mnunuzi wa chuma chakavu. Lori lingekuja wiki ile ile, chuma kipimwe, fedha zilipwe, na mahali pale papandwe mboga. Kitinda mimba, ambaye alikuwa mwajiriwa mjini Eldoret na alifika nyumbani mwishoni mwa juma, hakuwa na hoja ya kumjibu kakake. Alikuwa na uraibu tu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akizitumia jioni zake katika karakana za jua kali, akishika spana na kutazama jinsi mafundi walivyofufua magari yaliyokwisha sahauliwa. Uraibu, hata hivyo, si hoja mbele ya mtu anayehesabu mifuko ya mbolea.

Ni vyema msomaji aielewe hesabu hiyo kabla hajamhukumu kifungua mimba. Ziwa ni jina la maji, lakini riziki ya watu wake ni mahindi na maziwa. Eneo hilo limo katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua za masika zinapoanza, kila aliye na eka moja huwa mbioni. Eka hudai walau mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mwingine wa kukuzia. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipanda bei hadi ukapita shilingi 6,000. Ni Septemba ndipo serikali ilipotangaza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, wakati ambapo mahindi ya Ziwa yalikuwa yamekwisha komaa. Katika mwaka kama huo, mtu anayetaka kutia fedha katika gari bovu huonekana kama aliyeamua kuichezea njaa.

Lakini lori halikuja. Januari 11 mwaka huo nchi ilikuwa imegubikwa na giza baada ya minara ya nyaya za umeme kuanguka, na kabla mwezi haujaisha, Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya chuma chakavu ili kukomesha uharibifu wa mitambo ya umma. Mnunuzi akafunga mizani yake. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi Mei, na kufikia hapo kitinda mimba alikuwa amekwisha ifungua injini, akaitawanya vipande vipande juu ya gunia, na kuyaandika majina ya vipande hivyo katika daftari. Hakuna mnunuzi ambaye angekubali kuokota njugu moja moja. Hivyo ndivyo amri iliyolenga minara ya umeme ilivyoiokoa pikapu ya Ziwa.

Gari hilo lilikuwa na nasaba yake. Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa kwa ushirikiano na Pininfarina wa Italia. Injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45, na mbele kuna tundu la kuingizia mkono wa chuma wa kuizungusha injini pindi betri inapokataa. Katika Afrika Mashariki sifa zake zilienezwa na mashindano ya Safari. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano hayo, 7 tu yakafika mwisho, na ya kwanza kati ya hayo saba ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza tena 7, na Nowicki na Cliff wakawa mbele kwa mara nyingine. Baada ya ushindi kama huo, mkulima hakuhitaji kuelezwa na muuzaji kwamba gari lile lingeyastahimili matope. Vinywa vya wanakijiji vililifupisha jina la kigeni likawa Pijo, likakaa katika lugha kama mwana wa nyumbani.

Mzee wa boma aliinunua pikapu yake mwaka 1979, ikiwa imekwisha tumiwa na mwingine. Enzi hizo biashara ya matatu ilikuwa imeshamiri, kwani mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameruhusu magari hayo yabebe abiria bila leseni maalumu. Pikapu nyingi zilijengewa kibanda cha mabati na mbao nyuma, zikatiwa viti virefu viwili vinavyotazamana, zikawa matatu, jina lililotokana na mapeni matatu ya senti kumi yaliyokuwa nauli ya awali. Ya Ziwa nayo ikajengewa kibanda chake, ikawa inakwenda Eldoret na kurudi. Sheria ya mwaka 1984 ilipodai kwamba matatu zikaguliwe na kupewa leseni, mzee alikitoa kibanda, akaweka vyuma vya kuzuia mitungi isianguke, akaanza kubeba maziwa.

Hapo ndipo kumbukumbu za ndugu wawili zinapoachana njia. Kitinda mimba alizaliwa mwaka 1986. Kwake pikapu ilikuwa starehe: kupandishwa nyuma asubuhi na mapema, kuushika ukingo kwa mikono miwili, na kuutazama ukungu ukiinuka juu ya mashamba ya ngano. Kakake alikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwaka 1992, akiwa katika kidato cha pili, baba yao aliugua mgongo, na yeye akaondolewa shuleni ili aendeshe gari. Maziwa hayangoji. Kwa zaidi ya miaka kumi aliamka saa kumi usiku, akaisukuma pikapu pamoja na vibarua wakati wa baridi, akalala ndani yake ilipokwama katika matope. Karo ya kitinda mimba ilitoka katika mitungi ile. Aliyesomeshwa akaja kuwa mtu wa mjini mwenye muda wa uraibu. Aliyesomesha akabaki na shamba.

Neno hilo lilikuwa limefichika kwa miaka mingi. Lilitoka siku moja ya mwezi Juni, kifungua mimba alipoiona bei ya slivu na pistoni zilizoagizwa kutoka barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Alizihesabu shilingi zile akazigeuza mbolea, akapata mifuko kumi na mmoja.

“Wewe waikumbuka kwa sababu ulipandishwa,” alisema bila kupaza sauti. “Mimi naikumbuka kwa sababu niliisukuma.”

Kitinda mimba hakujibu. Wiki mbili zilizofuata hakuja Ziwa. Aliporudi alileta mifuko minne ya mbolea ya kukuzia, akaishusha penye mlango wa ghala la kakake, asiseme kitu. Kaka naye hakusema kitu, ila jioni ile alikwenda nyuma ya ghala, akasimama kando ya injini iliyofunguliwa kwa mara ya kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Fundi aliyeialika subira hiyo alikuwa mzee wa karakana moja ya Eldoret, aliyezitengeneza Peugeot tangu ujana wake. Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu. Mzee hakutumia nguvu. Alizitoa plagi, akamimina mafuta ya taa na oili katika kila silinda, akasema waiache kwa siku saba. Siku ya nane wakautia mkono wa chuma katika tundu la mbele, nayo injini ikasogea kwa upana wa kidole. Alieleza kwamba injini za Peugeot za aina hiyo zina slivu zinazong'olewa: silinda zikilika, hulazimiki kuichonga injini yenyewe, bali huondoa slivu kuukuu na kuweka mpya pamoja na pistoni zake.

Tangi la petroli lilijazwa kokoto na sabuni, likatikiswa mpaka kutu ikatoka. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeoza kiasi cha mtu kuiona nyasi. Ikakatwa, bati jipya likachomelewa. Matao ya magurudumu yaliwekewa mfuko wa mchanga kwa ndani, yakagongwa kwa nyundo ya mbao mpaka mkunjo ukakumbuka umbo lake. Silinda za breki zilitolewa katika gari jingine lililokufa, kwa maana vipuri vya gari la umri huo hupatikana kwa kuyafukua makaburi ya ndugu zake.

Palizuka pia mjadala wa moyo. Vijana wa karakana walishauri injini ya Kijapani itiwe: vipuri ni tele, petroli ni kidogo, na kila fundi anaijua. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Barabara za Kenya zimejaa magari ya kale yanayotembea kwa mioyo ya kupandikizwa, na yasingetembea bila hiyo. Kitinda mimba naye alikuwa na matamanio yake: magurudumu mapana, redio yenye kishindo, taa za kisasa. Mzee fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja: “Hili gari unalitengeneza liende wapi?”

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Ulimwenguni kote wenye uraibu huu wamegawanyika. Wapo wanaotaka kila njugu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Gari lao ni kama maandiko, asiongezewe mtu nukta. Wapo wanaolichukua gari la kale kama udongo wa kufinyangia, walishushe, walikate, walitie injini mara mbili ya ile ya kwanza. Na wapo wanaoiacha hata kutu ionekane, ati ndiyo heshima ya umri. Kenya nayo ina majukwaa yake. Tangu mwaka 1970 magari na pikipiki hushindanishwa mjini Nairobi katika Concours d'Elegance, ambapo majaji huinama hadi chini ya gari kutafuta chembe ya uchafu. Tangu mwaka 2003, mashindano ya Safari ya magari ya kale huyarejesha magari ya enzi za Nowicki na Shankland katika vumbi. Lakini pikapu ya Ziwa haikuwa ya jukwaa wala ya mashindano. Ilikuwa ya wapi?

Jibu lilianza kuonekana katika kupiga msasa. Rangi ya juu ilikuwa nyeupe. Chini yake ikatokea samawati. Chini ya samawati, kijani. Na chini kabisa, penye chuma kitupu, kijivu cha kiwandani. Kitinda mimba alifurahi mno kukiona kijivu hicho. Aliamini amefika kwenye asili, na mwacha asili, kama wasemavyo, ni mtumwa. Alitangaza kwamba pikapu itapakwa kijivu.

Mama yao alikuwa ameketi kivulini, amempakata mjukuu. Alinyanyuka, akaja taratibu, akaupitisha mkono juu ya zile tabaka nne. Kijani alikitambua: ndiyo rangi iliyokuja nayo nyumbani mwaka 1979, na yeye mwenyewe aliichinjia kuku. Samawati ilikuwa ya matatu. Na kweli, msasa ulipopita kwenye ubao wa nyuma, yalijitokeza maandishi ya rangi ya manjano: MGENI NJOO. Nusu ya pili ya methali haikuandikwa, kwa maana kila abiria angejimalizia mwenyewe kwamba mwenyeji apone, yaani alipwe nauli. Nyeupe ilikuwa ya maziwa. Kisha akakigusa kijivu.

“Hii siijui,” alisema. “Hata baba yenu hakuijua. Mwanangu, unairudisha kwa nani?”

Mjukuu akauliza, “Kogo, kwani ilikuwa magari mangapi?” Wote wakacheka, isipokuwa kitinda mimba, aliyekuwa ameinama akiutazama msasa mkononi mwake.

Kurejesha ni kitenzi kinachodai kujua pa kurejea. Asiyejiuliza atalirudisha gari kiwandani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa nyumba yake aliyewahi kufika, na katika kufanya hivyo atayafuta yale yote yaliyolifanya gari liwe lao. Kibanda cha matatu, vyuma vya mitungi, kamba ya mpira iliyofunga mlango tangu kitasa kilipovunjika: haya hayakuwa makosa yaliyoiharibu pikapu. Ndiyo maisha yake. Watu wa Ziwa walikuwa wakibadilisha magari yao kulingana na mahitaji kabla uraibu huu haujapata jina, na aliyewaelekeza ni kazi.

Waswahili wa mwambao wanalijua jambo hili kupitia vyombo vyao. Mashua au jahazi hupandishwa pwani, mbao zilizooza zikatolewa, nyufa zikakalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Ubao huu ni mpya, ule ni wa miaka mingi, na nahodha halalamiki kwamba chombo si kile kile. Kinakarabatiwa kwa kuwa kinarudi majini. Chombo ambacho hakitarudi majini, hata kikipakwa shahamu vipi, kitakauka na kupasuka.

Kwa hiyo pikapu ya Ziwa ilipakwa nyeupe, rangi ya maziwa. Injini ya 404 ilibaki ndani ya 404, si kwa ajili ya majaji, bali kwa sababu slivu zilipatikana na mzee fundi alikuwa hai wa kuzitia. Vyuma vya mitungi vilirudishwa, vikaongezewa kimo ili vizuie magunia. Kitinda mimba aliruhusiwa redio moja ndogo. Upande wa ndani wa mlango wa kushoto haukupakwa kitu. Tabaka nne ziko pale pale, na maneno MGENI NJOO yaliandikwa upya kwenye ubao wa nyuma na mchoraji wa mabango kutoka Eldoret.

Likabaki jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria. Gia za gari hilo haziko sakafuni bali zimepachikwa kwenye usukani, na mpangilio wake humkanganya aliyejifunzia udereva katika magari ya leo. Siku ya kulijaribu, mwezi Disemba, baada ya mahindi kupukuchuliwa, kitinda mimba aliingia, akawasha, injini ikaitika kwa sauti ambayo majirani waliitambua kutoka ng'ambo ya bonde. Akakanyaga klachi, akavuta gia, chuma kikalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akajaribu tena, injini ikazima. Mara ya tatu mzee fundi aligeuza uso.

Kifungua mimba alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni. Alikuwa hajaligusa gari hilo tangu lilipoegeshwa. Alikuja, akafungua mlango, na kumwashiria ndugu yake asogee. Alipoketi hakutazama chini. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe mahali pake. Gia ikaingia pasipo sauti, na pikapu ikasonga mbele kama kwamba ilikuwa imeegeshwa jana. Miaka kumi na moja ya kuamka saa kumi usiku ilikuwa bado imo ndani ya mkono ule. Aliizungusha boma mara moja, akasimama mbele ya mama yake, na kwa muda alibaki ameushika usukani, uso ameuelekeza upande wa mashamba.

“Pakieni,” hatimaye alisema.

Yakapakiwa magunia kumi. Mama aliketi mbele na mjukuu wake. Kitinda mimba hakubakishiwa nafasi, akapanda nyuma juu ya mahindi, akaushika ukingo kwa mikono miwili. Wakaondoka kuelekea sokoni, watoto wakikimbia nyuma yao.

Hawakufika mbali. Kabla ya lami, chembe ya kutu iliyosalia tangini iliziba njia ya petroli, na injini ikakohoa, ikanyamaza. Kifungua mimba alishuka, akafungua boneti, akauvua mpira wa kabureta, akaupuliza kwa mdomo mara mbili na kuurudisha, mambo ambayo hakufundishwa na karakana yoyote. Betri mpya ilikuwa na nguvu ya kutosha, na ule mkono wa chuma ulikuwa chini ya kiti. Yeye hakuvihitaji. Alirudi nyuma ya usukani, akatoa kichwa dirishani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa akitabasamu.

“Ndugu yangu,” aliita, “shuka usukume.”

Kitinda mimba akashuka, akaweka mabega yake penye maandishi MGENI NJOO, akasukuma.